Kutazama Miji kwa Mazingatio: Somo katika Vilima vya Kampala na Gharnata

Kwa jina la Mwenyiezi Mungu, Mwingi wa rehema. Shukrani ni zake aliyeitandika ardhi, akaikita kwa milima, akawapa wanadamu macho ya kuonea na nyoyo za kufahamia. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, somo hili ni jawabu ya suala ambalo huulizwa katika darsa, nalo ni hili:

Suala. Mtu wa pwani ameweka duka Ngulyati, katika wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, nchi ya Wasukuma. Mavuno ya pamba yamekwisha, naye amepata nafasi na nauli. Amesikia ya kuwa Kampala ni mji uliojengwa juu ya vilima, na ya kuwa juu ya kilima kimoja upo mnara wa msikiti, mwenye kuupanda huuona mji wote. Hana biashara huko, wala jamaa, wala mgonjwa wa kumzuru. Ataka kwenda kutazama. Je, safari hiyo yafaa kwa sharia? Na je, apunguze Sala njiani?

Wako watu ambao hujibu upesi wakasema: kutazama ni upuzi, na akae dukani kwake. Na wako ambao hujibu upesi vile vile wakasema: ardhi ni ya Mungu, na aende atakako. Majibu yote mawili yana upungufu, kwani la kwanza lakataza lililoruhusiwa, na la pili laacha kuuliza lililo sharti kuulizwa, nalo ni makusudio ya mwenye kusafiri. Basi yafaa kwanza ijulikane kutazama ni nini, kisha kijulikane kitazamwacho, kisha ndipo hukumu ielezwe.

FASLI YA KWANZA: Katika kutazama kulikoamrishwa

Mwenyiezi Mungu hakukataza kuitazama dunia, bali ameamrisha. Katika Qur'ani, mahali pengi, kama katika Sura ya Al-An'am na Al-Ankabut na Ar-Rum, wanadamu wameambiwa watembee katika ardhi kisha watazame. Walakini na aangalie msomaji namna amri hiyo ilivyokuja. Hawakuambiwa watazame tu, maneno yakakatwa hapo. Mahali pamoja wameambiwa watazame namna ulivyokuwa mwisho wa waliotangulia, na mahali pengine watazame namna Mola alivyoanza kuumba. Basi kitu cha kutazamwa kimetajwa pamoja na amri. Na katika Sura ya Al-Hajj imeelezwa ya kuwa upofu ulio mbaya si wa macho, ni wa nyoyo zilizomo vifuani.

Kwa ajili hii kutazama kwaweza kugawanywa mafungu matatu.

La kwanza ni kutazama kwa mazingatio, nako ni kuona kazi ya Muumba na mwisho wa watu, kisha kujipima nafsi. Hili ndilo lenye thawabu.

La pili ni kutazama kwa kuuburudisha moyo. Mtu amechoka kwa kazi na hamu, akatazama majani na maji na upeo wa mbingu, moyo ukamfunguka. Hili ni mubaha, na akikusudia kwalo kupata nguvu ya ibada na ya chumo la halali, hugeuka likawa jema.

La tatu ni kutazama kwa kiburi au kwa tamaa. Mtu huenda ili akirudi ajisifu mbele ya wenziwe, au huenda akitafuta yaliyoharimishwa. Hili ni baya hata kama mahali penyewe ni patukufu.

FASLI YA PILI: Katika vilima vya Kampala

Kampala ni mji mkuu wa Uganda, kaskazini ya Ziwa Nyanza, nao umeinuka juu ya bahari kiasi cha mita 1,200. Watu huuita mji wa vilima saba, ingawa leo umekwisha enea juu ya vilima vilivyo vingi kuliko saba. Jina lake latokana na swala waitwao impala, kwani kilima hicho kilikuwa mahali pa Kabaka, mfalme wa Buganda, pa kuwinda. Na ilikuwa dasturi ya wafalme wa Buganda wa zamani kuhamisha mji wao kutoka kilima hata kilima. Akifa mmoja, au akiona haja, mji huvunjwa ukajengwa juu ya kilima kingine. Kwa hiyo kila kilima kina khabari yake, na asiyezijua khabari hizo ataona mabati na matofali, asione zaidi.

Mahali panapojulikana zaidi pa kuutazamia mji ni mnara wa Msikiti wa Taifa, juu ya kilima cha Kampala ya Kale. Mnara huo wapita mita 50, na ngazi zake huzunguka ndani zikapita mia mbili. Akifika juu, mtazamaji aelekee kaskazini magharibi kwanza, kwani huko ndiko khabari ya Waislamu inakoanza.

Huko kuna kilima cha Kasubi, ambacho zamani kiliitwa Nabulagala. Katika mwaka wa 1844, sawa na 1260 wa Hijra, mfanya biashara mmoja Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika Buganda katika zama za Kabaka Suna wa Pili. Alikuja kwa njia ya misafara iliyotoka pwani, ikapita Unyanyembe na Karagwe. Khabari mashuhuri ya Waganda ni kuwa siku moja Kabaka aliamuru watu wauawe mbele yake kama ilivyokuwa dasturi. Ahmed akasimama akamwambia ya kuwa watu hao wana Muumba, na ya kuwa Muumba huyo ndiye aliyempa yeye Kabaka ufalme, basi si halali kuwaua bila haki. Waliokuwapo wakastaajabu, kwani hapakuwa na mtu aliyethubutu kusema hayo. Suna hakumwua, bali alitaka kusikia zaidi, akafundishwa sehemu ya Qur'ani.

Hapa pana mazingatio mawili kwa watu wa pwani. La kwanza ni kuwa dini iliingia nchi hiyo kwa neno la haki lililosemwa mbele ya mwenye nguvu. Haikuingia kwa jeshi. La pili ni chungu, wala haifai kufichwa. Misafara ile ile ya pwani iliyochukua Qur'ani na nguo ilichukua bunduki pia, ikarudi na pembe na watumwa. Watu wengine wa bara waliujua Uislamu kwa watu kama Ahmed, na wengine waliwajua Waislamu kwa minyororo. Mwenye kusimama juu ya mnara na akumbuke yote mawili, asichague lile limpendezalo peke yake.

Baada ya Suna alitawala mwanawe, Mutesa wa Kwanza, tangu 1856 hata 1884. Huyu alijifunza kusoma herufi za Kiarabu, akajua Kiswahili, na tangu 1867 alifunga Ramadhani kwa muda wa miaka kiasi cha kumi, akajenga msikiti, akaamuru watu wake wafunge. Walakini hakutahiriwa, kwani dasturi ya Buganda ilikataza damu ya Kabaka kumwagwa. Vijana wa barazani kwake waliokuwa wamesoma waliona si sawa kusali nyuma yake, na wakakataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake. Mutesa akaona ya kuwa amri yake imevunjwa. Katika mwaka wa 1876, sawa na 1293, Waislamu wapatao sabini waliuawa kwa moto huko Namugongo. Miaka kumi baadaye, mahali hapo hapo, Wakristo nao waliuawa kwa amri ya Mwanga mwana wa Mutesa. Mutesa mwenyewe amezikwa Kasubi, na nyumba kubwa ya makaburi hayo iliungua mwezi wa Machi 2010, ikajengwa tena.

Kisha mtazamaji aelekee magharibi na kusini magharibi. Ataona Namirembe na kanisa kuu la Waprotestanti, ataona Rubaga na kanisa kuu la Wakatoliki, na karibu yake Mengo, ambapo pana jumba la Kabaka. Na chini ya miguu yake mwenyewe, juu ya kilima cha Kampala ya Kale, ndipo Kapteni Lugard wa Kiingereza alipojenga boma lake mwezi wa Disemba 1890. Kabla ya hapo, tangu Oktoba 1888 hata Oktoba 1889, Waislamu walishika mamlaka ya Buganda chini ya Kabaka Kalema. Hawakudumu nayo hata miaka miwili, kwani Wakristo wa makundi yote mawili walijiunga wakawatoa. Kisha katika Januari 1892 makundi hayo yenyewe yakapigana, Lugard akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki zake. Tangu hapo kila kundi likashika kilima chake.

Sasa ageuke kusini mashariki. Ataona Kibuli na msikiti mweupe juu yake. Baada ya Waislamu kushindwa, mkubwa wao alikuwa Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa. Waingereza walimshuku katika mwaka wa 1893 wakampeleka Unguja, kisha akarudishwa, akaongoza watu wake kwa upole hata alipokufa 1921. Hakuwa na jeshi tena wala ufalme. Mwanawe, Badru Kakungulu, aliyeishi 1907 hata 1991, alitoa ardhi yake ya Kibuli iwe wakfu kwa msikiti na skuli. Msikiti huo ulifunguliwa katika mwaka wa 1951. Waislamu walikuwa wachache na maskini kuliko wenziwao, na watoto wao wengi walibaki nje ya skuli kwa khofu ya kubatizwa. Kilima cha Kibuli kiliwapa mahali pa kusoma bila ya khofu hiyo. Waliokosa mamlaka ya kilima cha mfalme walipata kilima cha elimu, na hiki cha pili kimedumu zaidi.

Na msikiti wenye mnara wenyewe una ibra yake. Ulianzwa katika zama za Rais Idi Amin, katika miaka ya 1970, kisha kazi ikasimama, na nguzo zikakaa bila kukamilika miaka mingi. Amin aliondolewa 1979, akafa Jidda 2003. Ulikamilishwa kwa mali ya Libya chini ya Muammar Gaddafi, ukafunguliwa 2007, ukaitwa kwa jina lake. Gaddafi naye aliuawa 2011, na baadaye ukaitwa Msikiti wa Taifa wa Uganda. Aliyeanza ameondoka, na aliyemaliza ameondoka, na adhana yaendelea kusikika.

FASLI YA TATU: Katika Gharnata, na namna inavyofanana na Kampala

Wako wengi waliosikia jina la Gharnata, mji wa Andalusi, katika nchi ya Hispania, nao ni mji wa vilima kama Kampala. Juu ya kilima kimoja liko jumba la Al-Hamra, maana yake ni nyekundu, ambalo Muhammad bin al-Ahmar alilianza katika mwaka wa 1238. Kilima kinachoelekea, ng'ambo ya mto, huitwa Al-Bayyazin, na Wahispania husema Albaicín. Juu yake pana uwanja wa kanisa la San Nicolás, ambapo watu kutoka pande zote za ulimwengu husimama jioni wakatazama jua linavyozipaka kuta za Al-Hamra rangi ya shaba, na nyuma yake milima yenye theluji.

Wengi wao hutazama rangi. Mwislamu na atazame kuta. Katika kuta hizo wafalme waliandika mara nyingi mno ya kuwa hakuna mwenye kushinda ila Mwenyiezi Mungu. Waliandika hayo, kisha wakagombana wenyewe kwa wenyewe, mwana na baba, na mtu na ami yake, hata adui alipokuja hapakuwa na mkono mmoja wa kumzuia. Mji ulisalimishwa tarehe 2 Januari 1492, sawa na 897 wa Hijra. Waislamu waliahidiwa kuachiwa dini yao, na ahadi hiyo haikutimizwa hata miaka kumi, wakalazimishwa kubatizwa. Na baina ya 1609 na 1614 wazao wao wakatolewa nchini. Maneno yaliyokuwa ukutani yalikuwa ya kweli, na waliokosa ni walioyasoma kila siku wasiyatende.

Na pale pale Al-Bayyazin, kando ya uwanja ule wa kutazamia, msikiti ulifunguliwa katika mwaka wa 2003, baada ya zaidi ya miaka mia tano. Ni msikiti mdogo, na mnara wake mweupe ni mfupi ukilinganishwa na ukubwa wa Al-Hamra. Walakini jumba lile leo ni la kutazamwa, hapana aishiye wala atawalaye humo, na katika msikiti huu watu wasali. Miji hii miwili, mmoja wa Ulaya na mmoja wa Afrika, yafundisha neno moja. Kilima cha enzi huhama kutoka mkono hata mkono, na kilima cha ibada na elimu hubaki maadamu wako wenye kukitumikia.

FASLI YA NNE: Katika jawabu ya suala

Ama hukumu ya safari yenyewe, ni mubaha, kwa sharti nne. Kwanza, awe amewaachia watu wa nyumba yake matumizi yao kwa muda wote atakaokuwa hayupo. Pili, asiwe na deni lililokwisha fika wakati wake, naye aweza kulipa, kisha akaondoka bila ya idhini ya mwenye deni. Tatu, wasiwe wazazi wake wenye kumhitaji wanamzuia. Nne, asikusudie maasi. Ikikosekana moja katika hizi safari huwa ya dhambi, na safari ya dhambi haina rukhsa ya kupunguza Sala.

Ama kupunguza Sala, katika madhehebu ya Imam Shafi'i safari sharti iwe ya marhala mbili, nazo ni farsakh kumi na sita, kiasi cha kilometa themanini na zaidi kidogo. Kutoka Ngulyati hata Kampala, kwa njia ya Mwanza na Bukoba na mpaka wa Mutukula, ni mamia ya kilometa, basi umbali umetimia bila ya shaka. Na huanza kupunguza akisha zipita nyumba za mji wake, si akiwa bado kituoni anangoja gari.

Walakini iko sharti nyingine ambayo watu wengi hawaiangalii, nayo ndiyo kiini cha suala hili. Safari iwe na makusudio sahihi. Wanavyuoni wa madhehebu wamesema ya kuwa mwenye kuzunguka bila ya kujua aendako hana rukhsa. Na wamesema, katika kauli iliyo sahihi zaidi, ya kuwa mwenye kusafiri kwa ajili ya kuona miji tu, bila ya sababu nyingine, hana rukhsa vile vile, kwani kupitisha macho juu ya miji peke yake si makusudio yanayozingatiwa. Ama mwenye kusafiri kwa kuuburudisha moyo wake uliodhikika, au kwa kutafuta elimu, au kwa kuwazuru maulama na wema, au kwa kupata mazingatio, huyo makusudio yake ni sahihi, na rukhsa ni yake.

Basi mwenye duka wa Ngulyati na aulize moyo wake kabla ya kukata tikiti. Kama jawabu ni "nataka kuona tu kama walivyoona wenzangu", na asali Sala zake kamili. Kama jawabu ni kuburudika baada ya taabu ya msimu, au kujifunza khabari za Waislamu wa Buganda na kusali katika misikiti yao, basi apunguze. Wala asidhani ya kuwa yatosha kulitaja kusudio jema kwa ulimi ili apate kupumzika na rakaa mbili. Niya mahali pake ni moyoni, na ajuaye yaliyomo moyoni hadanganyiki.

Na ajue mambo matatu zaidi. La kwanza, akinuia kukaa Kampala siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake hukatika pale afikapo, naye husali kamili muda wote wa kukaa kwake. La pili, akisali nyuma ya imamu mwenyeji, katika Msikiti wa Taifa au Kibuli, humlazimu kutimiza rakaa nne hata kama ni msafiri. La tatu, Alfajiri na Magharibi hazipunguzwi kwa hali yoyote.

FASLI YA TANO: Katika adabu za mahali pa juu

Imepokewa na Bukhari, kutoka kwa Jabir bin Abdillah, ya kuwa sahaba walipokuwa safarini walileta takbira kila walipopanda, na walileta tasbihi kila waliposhuka. Wanavyuoni wameeleza hekima yake. Mwenye kupanda hujiona mkubwa, basi hukumbushwa ya kuwa Mkubwa ni Mwenyiezi Mungu. Na mwenye kushuka humtakasa Mola wake na kila upungufu. Yampasa mwenye kupanda mnara kwa ngazi mia mbili na zaidi asiwaache hao sahaba wakamtangulia kwa sunna nyepesi kama hii.

Aingiapo msikitini asali rakaa mbili za maamkizi ya msikiti kabla ya kuketi. Si adabu kuupita mhirabu kwa haraka ya kwenda mnarani, msikiti ukawa kama ngazi tu.

Na afikapo juu, ainamishe macho yake kwenye nyua za watu. Vitabu vya hisba vya zamani viliwakataza waadhini wasichungulie majumbani wapandapo minara. Mnara ulijengwa ili sauti iwafikie watu, haukujengwa ili jicho liwaingilie. Na mwenye kamera hukumu yake ni hiyo hiyo, bali yake ni kali zaidi, kwani jicho husahau na picha haisahau.

Na mwisho, asiyatazame makanisa ya watu wengine kwa dharau, wala misikiti kwa majivuno. Vilima vyote viliumbwa na mmoja, na kila mwenye kilima ataulizwa juu ya kilima chake.

KHATIMA

Khulasa ya somo ni hii. Macho ya mtu na ya mnyama huona sawa, na kinachowatenga ni kusudi. Mwenye kusafiri bila ya kusudi hurudi na vumbi la njia, na sharia yenyewe haikumpa rukhsa ya rakaa mbili. Mwenye kusafiri kwa kusudi jema hupata rukhsa njiani, na elimu afikapo, na shukrani arudipo. Na asiyeweza kwenda Kampala wala Gharnata asihuzunike, kwani hata kilima kidogo cha mawe nyuma ya kijiji kina la kumfundisha mwenye moyo ulio hai.

Mwenyiezi Mungu ayafungue macho ya nyoyo zetu, awarehemu waliotangulia kwa imani katika nchi hizi, na azilinde safari za Waislamu. Na Mwenyiezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.